Mkono Mnene, Kipimo Hakiaminiki

Kabla sijaandika lolote, nitenganishe mambo mawili. Yale niliyoyaona kwa macho yangu, niliyoyasikia kwa kifaa cha kusikilizia moyo au niliyoyapima mwenyewe, nitayaandika kama yalivyokuwa. Yale niliyoambiwa na watu nitayataja pale tu yanapohitajika, na nitasema wazi kwamba niliambiwa. Nimekuwa mganga msaidizi katika mkoa wa Shinyanga kwa muda wa kutosha kujua kwamba mgonjwa akifa Jumatatu, ikifika Ijumaa atakuwa amekufa kwa sababu saba, na sita kati ya hizo zitakuwa zimetungwa na watu ambao hawakuwahi kumshika hata mkono.

Ninyi wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niwaandikie kitu cha kujifunzia. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vimo katika faili langu, na havijawahi kumponya mtu. Nitaandika juu ya mwalimu mmoja, kifaa kimoja na mgonjwa mmoja. Mgonjwa huyo alikufa.

Nilianza kazi miaka ya sitini katika zahanati ya mgodi wa dhahabu upande wa Geita, wakati mgodi wenyewe ulikuwa unakaribia kufungwa. Mkuu wa zahanati alikuwa Mzee Petro, Msumbwa wa Ushirombo, Mkatoliki aliyefanya ishara ya msalaba kabla ya kupasua jipu na kuirudia baada ya kupasua, kwa kuwa hakuiamini sana spiriti tuliyokuwa tukiletewa. Siku yangu ya kwanza sikupewa sindano. Nilipewa kiti, saa ya mkononi, na foleni ya wachimbaji niwahesabie mapigo ya damu. Nilipomaliza aliniuliza kama nilihesabu dakika nzima kwa kila mmoja.

"Nusu dakika, Mzee. Kisha nimezidisha mara mbili."

"Basi hiyo nusu ya pili mtu amekufa, na wewe hujui. Rudi ukahesabu."

Nilirudi. Wachimbaji walinicheka, na mmoja akaniuliza kama mkono wake nimeuposa.

Mzee Petro ndiye aliyenifundisha mashine ya zebaki ya kupimia shinikizo la damu. Ilikaa ndani ya sanduku la mbao, naye aliifunika blanketi usiku, jambo ambalo mpaka leo sijalipatia sababu ya kitaalamu. Aliniambia hivi: "Mkanda huu umeshonwa kwa ajili ya mkono wa kawaida. Ukiufunga kwenye mkono mnene hautoshi, na zebaki itapanda kupita haki yake. Usimpe mtu ugonjwa ambao ni wa kitambaa." Alikuwa sahihi. Nayasisitiza haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba namlaumu marehemu Mzee Petro.

Mgodi ulipofungwa nilihamishwa mara mbili. Kufikia katikati ya miaka ya sabini nilikuwa msimamizi wa kituo kidogo cha afya kati ya Maganzo na Songwa, ambacho jina lake halihusiki na habari hii. Wagonjwa wetu walikuwa wakulima, wafugaji, na watu wa almasi: vibarua wa migodini pamoja na wale waliojichimbia wenyewe na kuchekecha mchanga kando ya barabara. Tulikuwa na jokofu la mafuta ya taa, vitanda sita, mashine moja ya zebaki na mkanda mmoja. Daktari alitutembelea mara moja kwa mwezi, barabara ikiruhusu.

Mabula aliletwa kwetu akitoka kupasuliwa tumbo katika hospitali ya misheni. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita hivi, kibarua wa kusukuma mabehewa ya mchanga, na homa ya matumbo ilikuwa imemtoboa utumbo. Wapasuaji walimwokoa, ila walichoturudishia kilikuwa mifupa na ngozi. Mkewe, Mama Kulwa, alimbeba mgongoni kutoka kwenye gari hadi kitandani, kisha akanigeukia na kusema bila kuhema, "Shikamoo Daktari. Huyu alinioa akiwa mzito. Naomba mnirudishie vile vile."

Daktari wa kila mwezi alipokuja aliagiza sindano ya homoni ya kujenga mwili, moja kila wiki kwa wiki sita. Ilikuwa dawa halali kwa mtu aliyekonda baada ya ugonjwa mkubwa, na ilifanya kazi yake. Nilimchoma mimi mwenyewe zote sita. Mama Kulwa alimlisha maziwa ya mgando, nyama na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa. Wiki ya saba Mabula alikuja akitembea kwa miguu yake, akakaa kwenye benchi na kupandisha mkono wa shati.

"Zimekwisha," nikamwambia.

"Daktari, ndiyo kwanza zinaanza kunipenda."

"Dawa haimpendi mtu. Nenda kazini."

Alicheka, akasema "wabeja", yaani ahsante kwa Kisukuma, na akaondoka. Ampuli mbili zilizobaki nilizifungia kabatini, na katika ukaguzi uliofuata zilikuwepo zote mbili. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walidai kwamba aliyemzoesha ni mimi. Nilimwanzishia, hilo ni kweli. Sikumwendelezea.

Kwenye kambi ya vibarua kulikuwa na kiwanja cha vyuma. Vijana walichukua magurudumu ya mabehewa mabovu, wakayachomeka kwenye vyuma virefu vya kuchorongea miamba, na jioni wakanyanyua huku wenzao wakihesabu kwa sauti. Mabula alianza kwa kujizoeza baada ya ugonjwa. Mwaka haukupita akawa anawanyanyulia wenzake mzigo ambao wao waliuviringisha kwa mguu. Kila mwaka baada ya mavuno kulikuwa na mashindano mjini Shinyanga, ya kunyanyua vitu vizito na ya kutunisha misuli, na mshindi wa kambi aliahidiwa kutolewa kwenye mabehewa na kufanywa mkufunzi wa michezo. Kwa mtu mwenye kovu la kisu kuanzia kitovuni hadi kifuani, kuacha kusukuma mabehewa halikuwa jambo dogo. Ndilo alilokuwa akilitafuta, na alinieleza hivyo mwenyewe.

Mara ya kwanza nilipompima ilikuwa katika ukaguzi wa afya wa vibarua. Zebaki ilisimama mia moja sabini juu ya mia na tano. Niliutazama ule mkono. Mkanda ulikuwa umeuzunguka kwa shida na ncha yake imeshika kwa vidole viwili tu. Nilikumbuka nilichofundishwa, nikaandika kwenye kadi yake: "Mkono mnene, kipimo hakiaminiki." Nikamwambia kwa fahari ya mtu aliyesoma, "Usiogope. Mashine inadanganya kwa sababu ya huo mkono wako."

Wenzake kwenye foleni walishangilia. Mmoja akapaza sauti: "Mabula! Hata mashine ya serikali imekushindwa!"

"Mwambie Daktari akatafute ya kupimia ng'ombe," akajibu mwingine.

Nami nilicheka. Mwaka uliofuata zebaki ilipanda zaidi, nikaandika maneno yale yale. Muda mfupi baadaye alikuja akitokwa na damu puani, nikampima, ikawa juu zaidi ya hapo, nikaandika tena. Mara ya nne sikuandika hata sentensi nzima. Niliandika "kama juu". Kadi ninayo akilini mpaka leo. Ninyi mnaojaza kadi, jihadharini na maneno "kama juu".

Dalili nyingine zilikuwepo, na nilizipatia kila moja kisingizio chake. Mgongo wake ulijaa chunusi kubwa. Nikasema ni jasho na vumbi. Alilalamika kwamba chuchu zinamuuma. Nikasema ni chuma kinamgonga. Mama Kulwa alinieleza kwamba mumewe amekuwa mkali nyumbani, na mimi nikamuuliza ni mume gani wa kambini asiye mkali. Jibu lile lilikuwa baya, na lilitolewa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Kuhusu chakula, nilimhoji mwenyewe.

"Kwa siku unakula nini?"

"Mayai, Daktari. Mabichi, kwenye maziwa."

"Mangapi?"

"Yakipatikana, trei. Yasipopatikana, nusu trei. Halafu nyama ya mafuta, na samli kikombe kimoja asubuhi."

"Na chumvi?"

"Chumvi nailamba. Inashika maji mwilini, misuli inajaa."

Mama Kulwa, aliyekuwa amekaa pembeni, alidakia: "Kulwa hajaonja yai tangu Pasaka. Kuku wangu wanamtagia baba yake. Siku moja atatamia."

Hiyo ilikuwa miaka ya uhaba, ambapo watu walipanga foleni ya sabuni, na mtu mmoja akila trei ya mayai kwa siku ilikuwa habari ya kijiji. Watu walimwona kuwa mfano wa afya. Wengine waliwapitisha watoto wao dhaifu mbele yake wamguse mkono. Hilo nililiona.

Kilichonifumbua macho kilikuwa homa ya Kulwa. Nilikwenda nyumbani kwao kumwona mtoto, na nilipomwomba mama yake kijiko cha kumnywesha dawa alinyoosha mkono kwenye rafu, akaangusha kopo la majani ya chai. Haikumwagika chai. Zilimwagika ampuli tupu, nyingi, pamoja na sindano ya kioo na boksi lenye karatasi ndani. Kambini waliiita "sindano ya nyama". Ilikuwa homoni ile ile niliyomchoma mimi, ila kwa kipimo kikubwa zaidi. Ilitoka wapi? Niliambiwa ni madereva wa malori wanaoileta kutoka nje ya nchi. Niliambiwa pia ni mtu wa mifugo. Sikumwona dereva wala mtu wa mifugo, kwa hiyo sijui.

Mabula alirudi kutoka zamu akanikuta na ampuli mkononi. Hakuruka wala hakukana.

"Unajichoma kila lini?"

"Kila Jumapili. Karibu na mashindano, mara mbili kwa wiki."

"Nani alikwambia?"

"Daktari, wewe unajua marehemu baba alikuwa manju." Manju ndiye kiongozi wa kundi la ngoma, anayetunga na kuimba mbele ya wenzake katika mbina, yale mashindano yetu ya ngoma ya kiangazi. "Hakuna manju anayeingia mbinani bila dawa. Anakwenda kwa mzee anayeijua, anapewa, anaitumia mbele ya kundi lake wote wakiona. Asiyetumia anaonekana amewadharau watu wake. Mimi nilikwenda kwa nani? Nilikuja kwako. Ukanipa sita, ukafunga kabati. Nikatafuta nyingine."

Nimelifikiria neno lake miaka mingi tangu hapo, na bado naona kwamba katika desturi aliyolelewa ndani yake halikuwa neno la kipumbavu. Hakuiba, wala hakudhani anadanganya mtu. Alifanya walichofanya watu wa baba yake, ila kwa dawa ambayo baba yake hakuijua.

Niliichukua ile karatasi ya ndani ya boksi, nikaisoma kituoni mstari kwa mstari. Iliandikwa kwamba dawa huzuia chumvi na maji mwilini, na kwamba isitolewe kwa mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu. Karatasi ya aina hiyo hiyo ilikuwa imekaa kabatini kwangu kwa miaka mitatu. Sikuwa nimeisoma, kwa kuwa daktari alikuwa ameagiza na mimi nilikuwa nimechoma.

Wiki hiyo hiyo nilipanda lori kwenda Kolandoto, kwenye hospitali ya misheni, nikaomba kuazima mkanda mkubwa, ule wa kupimia pajani. Muuguzi aliutoa kwenye droo bila kuniuliza swali hata moja, akanipa na daftari la kusaini. Nilisaini. Siku iliyofuata nilimwita Mabula, nikamlaza nusu saa nzima, nikaufunga mkanda ule ukamkaa vizuri mkononi, nikapima mara tatu. Zebaki ilisimama mia moja tisini na tano juu ya mia na ishirini na tano. Mara zote tatu. Nikaweka kifaa kifuani, nikasikia mpigo wa tatu ambao moyo wa mtu mzima haupaswi kuwa nao, kama farasi anayekimbia taratibu kwenye ardhi ngumu.

Nilimweleza kila kitu. Nilimwambia kwamba moyo wake unasukuma damu kwa nguvu zisizo za kawaida na umeanza kutanuka. Sindano aache leo, vyuma aache, samli na chumvi aache, ameze vidonge nitakavyompa, na twende pamoja hospitali kubwa. Mashindano yalikuwa yamebaki wiki tatu.

Alivaa shati taratibu. Kisha akanitazama, si kwa hasira.

"Daktari, mwaka juzi ulisema mashine inadanganya. Mwaka jana ulisema mashine inadanganya. Ukaandika kwenye kadi. Imeacha kudanganya lini?"

"Nimetumia mkanda mwingine."

"Kwa hiyo mkanda ule ulikuwa mwongo, na huu ni mkweli. Na ukipata wa tatu?"

"Mabula, sikutanii."

"Najua hutanii. Hata siku zile hukutania." Akachukua vidonge, akaviweka mfukoni. "Ngoja nikashinde. Nikiwa mkufunzi nitalala hapa mwezi mzima, unipime mpaka uchoke."

Nilikwenda kwa mwajiri wake kuomba azuiwe. Msimamizi aliisoma kadi, akaiweka mezani, akaniuliza kama mwandiko ule wa "hakiaminiki" ni wangu. Nilisema ni wangu. Akasema basi hana la kusimamia.

Mashindano nilihudhuria, na mfuko wa huduma ya kwanza begani. Mama Kulwa aliniambia kwamba mumewe alikuwa hajanywa maji kwa siku mbili ili ngozi ikaze. Hilo sikulishuhudia, lakini midomo yake ilikuwa imepasuka. Alipaka mwili samli, akapanda jukwaani, akatunisha mgongo, na uwanja mzima ukasimama. Alishinda. Nilimwona akishuka ngazi kwa kushika reli, kitu ambacho hakuna mwingine aliyekitazama, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama mgongo.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo aliletwa kituoni asubuhi kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa amekaa, kwa kuwa akilala alikosa pumzi kama anayezama. Miguu ilikuwa imevimba hadi magotini, na kidole nilichobonyeza kiliacha shimo. Alikohoa povu lenye rangi ya waridi. Nilimpa dawa ya kukojoza maji na oksijeni kiasi cha mtungi tuliokuwa nao, nikaomba Land Rover ya mgodi, nikapanda naye nyuma. Nilishika mkono wake na kuhesabu dakika nzima nzima. Mapigo yalikuwa mia moja na arobaini, hayana mpangilio.

"Daktari," akasema, "ni mkanda upi sasa?"

Nilimwambia asiongee. Hilo ndilo jambo la mwisho nililomwambia. Kabla hatujafika Kolandoto sikupata mapigo kwenye kifundo, wala shingoni, wala kifuani. Nilimkandamiza kifua mpaka gari liliposimama mlangoni kwa wauguzi, na mmoja wao akaniondoa mikono.

Ndugu zake walikataa mwili upasuliwe, wakamchukua siku hiyo hiyo kwenda kumzika Songwa. Nilisikia baadaye kwamba alilogwa na kambi iliyoshindwa, na kwamba dawa ya ngoma ya baba yake ilimkasirikia. Nilisikia pia kutoka kwa wasomi kwamba sindano ilimuua, kwisha maneno. Hilo la mwisho naliona ndilo lenye uwezekano mkubwa zaidi, pamoja na chumvi, samli na kukaa bila maji. Lakini moyo wake haukufunguliwa, nami siwezi kuandika kwamba niliuona.

Baada ya matanga Mama Kulwa alikuja kituoni, mtoto mgongoni. Hakuketi. Aliniomba nitoe kadi ya mumewe nimsomee, kwa kuwa yeye hakujua kusoma. Nilimsomea tarehe na namba, zote tano, pamoja na maneno niliyoyaandika mbele ya nne za kwanza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ipi kati ya hizo ilikuwa ya uongo?"

"Ya tano ni ya kweli, mama. Nilipima mara tatu."

"Sikuuliza ya tano."

"Hizo nne siwezi kuzisemea. Sikuzirudia kwa mkanda mkubwa."

"Huo mkanda mkubwa uliletwa lini Kolandoto?"

Nilikuwa nimeliona daftari la kuazimia siku niliposaini. Jina langu lilikuwa kwenye ukurasa wa tatu, na ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mwaka ule Mabula aliopasuliwa. Nikamwambia kwamba ulikuwepo tangu mumewe yuko hai na mwembamba, mwendo wa asubuhi moja kwa lori, na kwamba kwa miaka yote ile sikwenda kuuomba.